Nilijificha Nyuma ya Neno

Kwa miaka mingi nilikuwa na mstari mmoja wa Biblia niliouweka karibu, kama mtu anavyoweka kufuli karibu na mlango. Ni ule wa Mathayo 4:7, pale Bwana Yesu anapomjibu Ibilisi kwamba haifai kumjaribu Mungu. Binti yangu alipokuwa na miaka tisa, walimu wa Shule ya Jumapili walipanga safari ya boti kwenda kisiwa cha Musira, kile kinachoonekana ukisimama ufukweni Bukoba. Nikakataa. Alipouliza sababu, nikamsomea mstari. Kijana wangu alipotaka kujifunza kuogelea na wenzake, nikamsomea mstari huo huo. Mimi mwenyewe nikiwa na kikao Mwanza nilizunguka kwa Kahama na Shinyanga, safari ndefu ya kuchosha, ili tu nisipande kivuko cha Busisi. Wachungaji wenzangu waliponitania, nao niliwajibu kwa Maandiko.

Mchungaji akijibu kwa Maandiko, watu hunyamaza. Hiyo ni hatari mojawapo ya kazi yetu.

Nilikuwa darasa la saba asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Kaka yangu mkubwa alikuwamo. Alikuwa na miaka 22, mfanyabiashara wa ndizi. Alinunua mikungu vijijini, akaipakia melini, akaiuza Mwanza. Alikuwa ameniambia kwamba nikifaulu kwenda sekondari, ada ni juu yake. Habari tulizipata redioni. Baba alisafiri kwenda Mwanza, akakaa siku tisa, akarudi bila mwili. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Sikumwona," kisha hakulizungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Watu zaidi ya 800 walipotea siku ile. Idadi kamili haijulikani mpaka leo, kwa sababu abiria wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Nilipooa na kupata mtoto wa kiume, nilimpa jina la kaka. Watoto walijua kwamba baba yao mkubwa alifariki akiwa kijana. Hawakujua alifariki vipi. Mke wangu alijua, kwa sababu katika mwaka wetu wa kwanza wa ndoa aliniamsha mara kadhaa nikipiga kelele usingizini.

Basi mwaka 2023 nilipata nafasi ya kusoma kwa miezi michache mjini Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mwezi Julai familia ikanifuata. Washarika waliotupokea kule, watu wakarimu sana, walitupa zawadi ya siku nne za mapumziko kaskazini, kwenye ufuko wa Ziwa Superior, upande wa Wisconsin. Walilipia malazi, na walilipia ziara mbili za familia. Ya kwanza ilikuwa ya kuteleza kwenye waya juu ya miti, mchezo ambao wenyewe huuita zipulaini. Ya pili ilikuwa ya kuendesha kayaki ziwani. Mzee mmoja wa usharika na mkewe walitupeleka kwa gari lao. Njia nzima watoto walikuwa wakiimba, nami nilikuwa nikitafuta maneno ya kukataa bila kuwavunjia heshima wenyeji wetu.

Nilipoliona lile ziwa nilinyamaza. Kwa ukubwa wa eneo, Superior ndilo ziwa pekee la maji baridi duniani linalolizidi ziwa letu la Victoria. Letu lina kilomita za mraba karibu 69,000, lao karibu 82,000. Kina chake kinafika mita 406, wakati letu lina mita 80 hivi pale penye kina kirefu zaidi. Kwetu tunasema "maji baridi" tukimaanisha maji yasiyo na chumvi. Kule ni baridi kwelikweli, hata Julai. Ukitia mkono, vidole vinauma. Mbele ya ufuko vimetawanyika visiwa vinavyoitwa Visiwa vya Mitume. Viko 22. Kijana wangu akauliza, kama mitume walikuwa 12, hao 10 wengine ni akina nani. Mzee wetu alicheka mpaka akasimamisha gari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya waya. Kwa ambao hawajauona mchezo huu, ni hivi: waya mnene wa chuma hufungwa kutoka jukwaa moja juu ya mti hadi jukwaa jingine lililo chini kidogo. Unavaa kofia ngumu na mikanda inayopita kiunoni na mapajani. Mikanda huunganishwa na roda inayokimbia juu ya waya, nawe unasafiri angani, miguu ikining'inia, misonobari ikiwa chini yako. Kiongozi mmoja hukufunga mwanzoni, mwingine hukupokea mwishoni. Nilimsikiliza akieleza. Kila mtu alikuwa na kulabu mbili. Wakati wa kuhamishwa kutoka waya mmoja kwenda mwingine, kulabu moja hufunguliwa na kufungwa mbele kwanza, ndipo ya pili inafunguliwa. Hakuna dakika ambayo mtu yuko juu bila kufungwa.

Nilielewa kila kitu. Kisha nikamshika kijana wangu begani, nikamwambia, "Sisi tunakaa chini. Hatumjaribu Bwana Mungu wetu."

Mke wangu alikuwa tayari amevaa mikanda. Yeye, ambaye usharika wetu haujawahi kumwona na suruali, siku ile alikuwa na suruali. Akanitazama. "Mchungaji," akasema kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "hilo ni neno la Mungu au ni neno lako?"

Sikuwa na jibu. Akawachukua watoto wote wawili, wakapanda ngazi. Niliwasikia wakipiga kelele za furaha juu ya kichwa changu, mmoja baada ya mwingine. Nilikaa kwenye benchi na yule mzee, tukala karanga. Alikuwa na adabu ya kutoniuliza kitu.

Siku ya pili ilikuwa ya kayaki. Tulifika ufukweni saa mbili asubuhi na kukuta upepo. Kiongozi wetu alikuwa binti wa miaka kama 25. Alisimama akatazama mawimbi, akasoma utabiri wa hali ya hewa, akatazama tena mawimbi, kisha akasema leo hatuendi. Katika kundi letu alikuwamo baba mmoja aliyekuja na familia kubwa kutoka mbali, na kesho yake walikuwa wanaondoka. Alilalamika. Akasema wameshalipa, akasema yeye ni mzoefu, akasema mawimbi yenyewe si makubwa kiasi hicho. Binti yule hakupandisha sauti wala hakubadili neno. Akamrudishia pesa yake.

Nilimshukuru Mungu kwa ule upepo. Nilimshukuru kwa sauti, mbele ya watoto.

Lakini usiku sikulala. Kila nikifumba macho nilimwona yule binti akirudisha pesa. Kwa miaka 27 nilikuwa nimeamini kwamba adui yangu ni maji. Usiku ule nikajiuliza, kwa mara ya kwanza, kama ni maji kweli. Meli aliyopanda kaka yangu ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Ziwa lilikuwa lile lile lililokuwapo siku zote. Laiti angekuwapo mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, wa kusimama mlangoni na kusema, "Basi, imejaa, waliobaki wasubiri safari nyingine." Watu wangemtukana. Kaka yangu, namjua, angekuwa wa kwanza kumtukana, kwa sababu ndizi zake zingeiva. Na huenda leo angekuwa mzee wa kanisa mwenye kitambi.

Nikawasha simu nikasoma Mathayo 4 kana kwamba ni kazi ya mwanafunzi wangu ninayoisahihisha. Ibilisi anamweka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Nimefundisha somo hili miaka mingi, wala sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na njia ya kawaida ya kushuka kutoka mahali pale. Jaribu lenyewe lilikuwa kuacha njia ambayo Mungu ameitoa, kujirusha, kisha kumdai Mungu miujiza. Hakuna mahali Bwana Yesu anaposema kwamba kupanda juu ni dhambi.

Nikakumbuka pia waraka ambao nimewasomesha wanafunzi mara nyingi. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na akaandika kujibu swali la kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Humo anawakemea wanaodharau dawa na tahadhari kwa kujidai kwamba wana imani. Anasema hao hawamtegemei Mungu, wanamjaribu. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake, na kosa likawa moja. Wao waliita uzembe wao imani. Mimi niliita hofu yangu imani. Wote tulimtumia Mungu kufunika kitu kingine.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Binti kiongozi aliandika jina la kila mtu, akauliza uzito wetu, na akauliza nani anajua kuogelea na nani hajui. Akagawa suti za mpira za kukinga baridi, kisha jaketi okozi, na akapita kwa kila mtu akivuta mikanda kuhakikisha imekaza. Kayaki ni mtumbwi mwembamba ambao unakaa ndani yake miguu ikiwa imenyooshwa mbele, ukipiga kasia lenye bapa pande zote mbili. Akatufundisha namna ya kujitoa ikiwa utapinduka. Kisha akatuhesabu. Tulikuwa 12. Akahesabu tena kwa kidole.

Nilikuwa nimekaa juu ya gogo, na viatu vyangu miguuni. Kijana wangu akaja, amevaa suti tayari, akakaa kando yangu.

"Mbona huendi?" nikamuuliza.

"Nitabaki na wewe, Baba," akasema. "Usibaki peke yako."

Nimehubiri mara nyingi juu ya Petro aliyezama kwa kuwa aliona upepo. Sikumkumbuka Petro pale. Nilimkumbuka kaka yangu, ambaye pia alikuwa hivyo, hawezi kumwacha mtu peke yake. Nikamwambia kijana wangu ukweli. Nilimwambia jina lake lilitoka wapi, na mwenye jina hilo alikufa wapi na vipi. Dada yake akasogea akasikiliza akiwa amesimama. Mke wangu alikaa mbali kidogo, akageuza uso upande wa ziwa.

Nilipomaliza, binti yangu akauliza, "Ndiyo maana ulinikatalia Musira?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu ya Biblia?"

"Hapana. Kwa sababu niliogopa."

Akafikiri kidogo. "Ungesema tu, Baba," akasema.

Nimepewa maneno ya ondoleo mara nyingi madhabahuni, na mimi mwenyewe nimeyatamka kwa mamia ya watu. Sina hakika kama nimewahi kuyasikia masikioni mwangu kama nilivyoyasikia katika maneno yale matatu. Nikavua viatu.

Kijana wangu alikaa mbele, mimi nyuma. Napenda niseme wazi kwamba hofu haikuondoka, kwa kuwa shuhuda nyingi tunazozisikia kanisani humalizika kwa hofu kuondoka. Yangu ilikaa nami kayakini tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono ilitetemeka mpaka kasia likawa linagonga ubavu wa kayaki. Niliomba sala fupi ambayo haikuwa na mpangilio wowote. Kiongozi wetu alikuwa akipita nyuma ya kundi kila baada ya muda, na nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa akituhesabu.

Tulifika kwenye mapango. Ufuko ule una kuta za mawe mekundu ya mchanga, ambazo mawimbi na barafu vimezichimba kwa muda mrefu hadi zikawa na vyumba na matao. Unaingia na kayaki chini ya mwamba, na sauti ya maji inabadilika, inakuwa kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Mwanga unaruka kutoka majini na kucheza kwenye dari. Kijana wangu aliacha kupiga kasia.

"Baba," akasema bila kugeuka, "baba mkubwa alijua kuogelea?"

"Alijua sana. Alinishinda."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi kumbe kujua peke yake hakutoshi."

"Hakutoshi," nikamwambia. "Lakini ukirudi nyumbani utajifunza."

Tuliporudi Tanzania nilihubiri katika usharika mmoja wa pwani ya ziwa, ambako wengi ni wavuvi. Nilichukua Matendo ya Mitume sura ya 27, safari ya Paulo iliyoishia kwa merikebu kuvunjika. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi bila kusimama kwenye aya ya 37, ambapo Luka, katikati ya dhoruba, anatulia na kutaja hesabu ya waliokuwamo: watu 276. Alijua idadi yao, na wote wakafika nchi kavu. Na kabla ya hapo, ingawa Mungu alikuwa ameahidi kwamba hakuna atakayepotea, Paulo anamwonya akida kwamba mabaharia wakikimbia merikebu, watu hawataokoka. Ahadi ya Mungu ilikuwapo, na mabaharia nao walihitajika. Wengine walifika kwa kuogelea, wengine kwa kushikilia mbao. Mungu hakuona aibu kutumia mbao.

Niliwaambia washarika wale jambo ambalo naliandika na hapa. Kupanda chombo si kumjaribu Mungu. Tunamjaribu tunapopakia boti hadi maji yanakaribia ukingo, kisha tukasema Mungu atatufikisha. Tunamjaribu tunapowapakia watoto wanne kwenye bodaboda bila kofia, na kwaya nzima juu ya gari la mizigo ili kuwahi sikukuu ya mavuno. Katika Katekisimo Ndogo tunakiri kwamba Mungu hutulinda na hatari zote; mara nyingi hutulinda kwa mkono wa mtu anayethubutu kusema hapana. Ikiwa wewe ndiwe mwenye boti, au dereva, au mwalimu wa kwaya, Mungu amekuweka mlangoni. Wahesabu watu wake. Mchungaji wa kondoo mia alijua kwamba mmoja hayupo kwa sababu alikuwa amewahesabu.

Na ikiwa wewe ni mtu wa hofu kama mimi, usiipe hofu yako jina takatifu. Iite kwa jina lake mbele ya wale unaowapenda. Watakaa nayo pamoja nawe, juu ya gogo.

Desemba ya mwaka ule tulikwenda Mwanza, familia nzima, kwa njia ya Busisi. Daraja lilikuwa bado linajengwa. Tuliona nguzo zake zimesimama majini. Tulitaka kwenda kwenye makaburi ya Igoma, ambako walizikwa wengi wa waliokufa siku ile, wakiwamo ambao hawakutambuliwa. Huenda kaka yumo, huenda hayumo. Watoto walikuwa wamenunua maua.

Kivukoni nilishika chuma kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa upande mmoja, binti yangu upande mwingine. Kijana wangu hakuwa karibu, nami nikaanza kumtafuta kwa macho. Nikamwona katikati ya abiria, akipita polepole kati ya akina mama wenye mizigo na vijana wenye baiskeli, kidole kimeinuliwa mbele ya kifua, midomo ikicheza.

"Unafanya nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Nahesabu watu," akasema. "Nilifika mia moja na arobaini, wakasogea. Naanza tena."